Mwaka Niliolishwa Magome

Nashipai, aliyekuwa mwanafunzi wangu zamani, alinipigia simu asubuhi, nikiwa kibarazani kwangu hapa Karatu nachagua maharage. Aliniamkia, akauliza habari za watoto, za mvua, za mguu wangu unaonisumbua, kila kitu kwa utaratibu wa kwao, na jinsi alivyozidi kuchelewa kulifikia neno lenyewe ndivyo nilivyozidi kulijua. Mwishowe akasema, "Mwalimu, Yeyo amelala." Nikaiweka chini sinia ya maharage. Nilimuuliza kama aliumwa, akasema hapana, alikuwa mzee tu, jioni alikunywa maziwa yake na asubuhi hakuamka. Meno yake alikuwa nayo karibu yote. Sijui kwa nini Nashipai alinieleza habari ya meno, lakini ndiyo iliyonifanya nilie, kwa kuwa niliyakumbuka yale meno yakicheka juu ya uso wangu, katika chumba chenye giza la moshi, mwaka ambao mimi nilikuwa karibu kulala usingizi huohuo nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Wamaasai wa zamani hawalitaji tena jina la mtu aliyekwenda, nami nitaifuata heshima hiyo. Nitamwita Yeyo, yaani mama, kama nilivyomwita tangu mwezi wa nne wa mwaka ule hadi leo.

Nilipelekwa Kakesio kufundisha sayansi na hesabu mwaka sabini na sita. Shule ilikuwa majengo mawili ya bati juu ya uwanda usio na mti wa kujificha jua, na nyumba ya walimu ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja cha mwalimu mkuu, Mwalimu Tluway, na mkewe, kimoja ghala la unga na chaki, na cha tatu changu. Mume wangu alikuwa kozi Morogoro na mimi nilikuwa na mimba isiyoonekana bado, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kitu kilichonitisha zaidi pale hakikuwa simba. Kilikuwa chakula. Mimi ni Mwiraqw, nimekulia kwenye mashamba, na kwangu mlo usio na mboga haukuwa mlo. Lakini Kakesio ilikuwa ndani ya hifadhi ya wanyama, na humo kilimo kilikuwa kimeshakatazwa, hata tuta la mchicha nyuma ya nyumba lilikuwa kosa. Tulingoja lori kutoka Karatu lituletee unga na maharage, na kila lori lilipochelewa, mke wa Mwalimu Tluway alipunguza kipimo cha unga kwenye sufuria, nasi tukala kilichokuwapo.

Maziwa ndiyo hayakukosa. Kila asubuhi mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye hereni nzito za shanga zilizovuta ndewe zake mpaka karibu na mabega, alikuja na kibuyu mgongoni. Huyo ndiye Yeyo. Binti yake Nashipai alikuwa darasa la nne, na yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, kwa sababu Kiswahili cha Yeyo wakati huo kilikuwa maneno machache ya sokoni na Kimaasai changu kilikuwa salamu tu. Siku ya kwanza nilipokunywa yale maziwa niliyatema. Yalikuwa na ladha ya moshi na ya kitu kingine kichungu kidogo. Nikadhani kibuyu ni kichafu. Nashipai akanieleza, akiona aibu kwa niaba yangu, kwamba mama yake huchukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, hukichoma mpaka kiwe kaa jekundu, kisha hukisugua ndani ya kibuyu, na bila hivyo maziwa hayafiki jioni. Yeyo alisimama mlangoni akinitazama. Hakukasirika. Alisema kitu, na Nashipai akatafsiri: mama anasema utazoea, kwa sababu hakuna mengine.

Lazima nieleze kwamba miaka ile kati ya watu wetu na Wamaasai hapakuwa na mapenzi. Ng'ombe walikuwa wakienda na kurudi usiku kwa wizi, na mishale ikienda nao. Walituita Wambulu kwa sauti ambayo haikuwa ya kusalimiana, na sisi tulikuwa na sauti yetu. Kwa hiyo mimba yangu ilipoanza kuonekana na Yeyo akaanza kuniwekea mkono tumboni kila asubuhi bila kuniuliza, sikujua kama nifurahi au niogope. Tuligombana mara moja. Aliniambia kwamba mwanamke akikaribia kujifungua anapaswa kupunguza kula, mtoto asije akanenepa akashindwa kutoka. Nilimjibu kwamba hilo nisingelifanya, na mpaka leo naamini nilikuwa sahihi, na Sista wa hospitali ya Endulen aliwahi kuwaambia akina mama hivyohivyo mara nyingi. Yeyo akanuna kwa siku kadhaa, maziwa akayaacha mlangoni. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani ninamsimulia mwanamke ambaye kila alichokijua kilikuwa kweli. Hakuwa hivyo, na hakudai kuwa hivyo.

Mvua za masika zilikata njia mapema mwaka ule. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Karatu kwa msiba akashindwa kurudi. Mpango wangu ulikuwa kwenda Endulen mwezi wa tano kusubiri karibu na hospitali, lakini mtoto hakuungoja mwezi wa tano. Uchungu ulinishika darasani, kipande cha chaki mkononi, mchana mvua ikipiga bati kwa kelele ambayo hata mimi mwenyewe sikujisikia nilipoita. Mwalimu Tluway, mtu wa miaka hamsini aliyewahi kukaa jeshini, alichanganyikiwa kabisa. Nashipai ndiye aliyetoka mbio kwenye mvua kwenda bomani kwao. Wanawake wanne walikuja wakanibeba kwenye ngozi ya ng'ombe, wakateleza, wakacheka, wakaendelea. Mwanangu alizaliwa nyumbani kwa Yeyo kabla jua halijazama, mdogo kama kiganja na nusu, akalia sauti ya paka. Yeyo alimpangusa, akamtia kifuani kwake ndani ya shuka, ngozi kwa ngozi, na siku nyingi alikaa hapo kuliko kwangu.

Nyumba ile ninaijua kuliko vyumba vyote nilivyowahi kulala. Mlango ulikuwa na kona kama ya konokono, unaingia ukiwa umeinama na kugeuka, mwanga unabaki nje. Kulia ndama wawili walikuwa wakipumua. Katikati kulikuwa na mafiga na moto usiozimwa, na pembeni vitanda viwili vya fito vilivyotandikwa ngozi, changu na cha Yeyo na watoto. Ukutani palikuwa na tundu dogo kama ngumi, na kupitia tundu hilo niliona ng'ombe wakipita, miguu tu. Kuta zile za fito na samadi hazifichi maneno. Siku ya pili baada ya kujifungua nilimsikia mzee wa boma, Mzee Lembris, mume wa Yeyo, akiongea na mkewe nje kwa sauti ya chini yenye ukali. Maneno mengi yalinipita, lakini nilishika "Mbulu" na "kondoo", na baadaye Nashipai alinimalizia yaliyobaki. Kwa desturi mwanamke akijifungua huchinjiwa kondoo dume, mafuta na supu vikawa vyake. Mzee alikuwa akiuliza inakuwaje kondoo wake achinjwe kwa ajili ya mwanamke wa Mbulu, wakati mdogo wake alikuwa bado anatembea kwa kuchechemea na ncha ya mshale wa Wambulu ndani ya nyonga. Lilikuwa swali la haki. Hata mimi nikiwa nimelala pale nililiona ni la haki. Yeyo hakubishana kuhusu mshale. Alimwambia kwamba kondoo si wa mgeni, ni wa mwanamke aliyejifungua, na kama mzee anataka kumnyima basi aingie ndani amwambie mwenyewe. Mzee Lembris hakuingia. Jioni kondoo alichinjwa.

Sikupata nafasi ya kumla vizuri. Siku ya tatu nilishikwa na baridi iliyonitikisa mpaka fito za kitanda zikalia, kisha moto, kisha baridi tena. Niliyajua maneno ya kitabuni, homa ya uzazi, na nilijua hadithi zake zinavyoishia. Mwalimu Tluway alimwomba Mzee Lembris kijana wa kupeleka habari Endulen, na mzee huyohuyo aliyeuliza kuhusu kondoo alimtoa mwanawe mkubwa, akamwambia asilale njiani. Gari la hospitali lilikwama kwenye korongo, hivyo Sista Emiliana, mtawa muuguzi aliyekuwa mfupi na mwenye sauti ya mwanamume, alikuja sehemu kubwa kwa miguu, viatu vikiwa shingoni, akiwa na kisanduku cha sindano chini ya kanzu yake asije akakilowesha. Alinidunga penisilini. Akaniangalia macho kwa kuvuta kope, akaangalia kucha zangu, akamwambia Mwalimu Tluway, akidhani sisikii, kwamba damu imekwisha mwilini, na kwamba dawa aliyonayo itapigana na ugonjwa lakini haiwezi kumjenga mtu, na kunibeba kwenda Endulen kwa njia ile itakuwa ni kuniua. Kisha akamgeukia Yeyo. Waliongea Kimaasai muda mrefu, mmoja akiwa amepiga magoti upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, na mimi katikati kama mzigo unaopatanwa bei. Nilichokielewa ni kwamba Sista alikuwa anauliza nini kimo ndani ya sufuria, na Yeyo alikuwa anamwonyesha, gome moja baada ya jingine. Sista alinusa kila moja. Moja alilirudisha, akatikisa kichwa, si kwa mtu mwenye homa. Yeyo akakubali akaliweka kando. Mengine yakabaki.

Basi nikaanza kulishwa. Asubuhi maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, yamepigwa kwa kijiti mpaka yakawa ya rangi ya waridi. Mchana mafuta ya mkia wa kondoo, yameyeyushwa, kikombe kizima, na Yeyo alinishika kidevu mpaka kikombe kiishe. Jioni supu. Supu ile ilikuwa nyekundu iliyokolea kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, kwa sababu mifupa ya kondoo ilikuwa imechemshwa pamoja na gome la olkiloriti, mti wa miiba unaoota kwenye makorongo, na kipande kidogo cha osokonoi, gome linalotoka kwenye misitu ya juu, kali kama pilipili lakini kali kwa namna yake, linashuka kooni taratibu kisha linawaka kifuani. Ulimi ulikauka kama nimelamba ndizi mbichi. Siku za kwanza nilitapika. Yeyo alifuta, akajaza tena. Halafu siku moja, sikumbuki ilikuwa ya ngapi, nilimaliza kikombe, nikabaki nimeketi, nikagundua kwamba nina njaa. Si hamu, njaa hasa, ya kutaka kuutafuna ule mfupa. Nilinyoosha mkono nikachukua mwenyewe. Yeyo alicheka, meno yote nje, akawaita wake wenzake waje waone Mmbulu anavyokula.

Nimezeeka sasa na nimesoma kiasi, na bado sijapata neno la kueleza nilichokihisi wiki zile. Ilikuwa kama kumtazama mtu mwingine anayejengwa upya, na mtu huyo ni wewe. Kucha zilirudi rangi. Nywele zilizokuwa zinang'oka zikaacha. Maziwa yalijaa matitini mpaka yakachuruzika, na mwanangu, ambaye Yeyo alimpa jina la Lemayian, yaani mwenye baraka, akaanza kuwa na mashavu. Sista Emiliana alirudi mara mbili na sindano zake mpaka homa ikaisha kabisa. Mara ya mwisho nilimuuliza ni kipi kilichoniponya. Alikuwa anafunga kisanduku chake. Akasema, "Penisilini ilifukuza ugonjwa, hilo nina hakika nalo. Aliyekurudisha wewe simjui. Siku nikimjua nitakuambia." Alisema hivyo huku akimtazama Yeyo aliyekuwa anakoroga sufuria, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho nilikuwa nimekiona kwa watu wakiwa kanisani tu.

Nilirudi darasani mwezi wa saba, wakati wa baridi, upepo ukishuka kutoka milimani na watoto wakijikunyata kwenye madawati. Mada ilikuwa kutu. Ni somo nililolipenda: unachukua misumari, mmoja unauweka kwenye maji, mwingine mahali pakavu, na watoto wanaona kwa macho yao kwamba hewa na maji vinakula chuma. Nikawaeleza kwamba hewa haili chuma tu, inakula mafuta pia, ndiyo maana mafuta yakikaa huchacha na kutoa harufu mbaya. Nashipai akanyoosha mkono. Akasema mafuta ya kwao hayachachi. Nikamwambia yote huchacha. Akasema ya mama yake yamo kwenye kibuyu tangu kabla ya mvua na mimi mwenyewe nimeyanywa. Darasa likanitazama. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekunywa mafuta yale miezi, na hata siku moja sikusikia ile harufu inayochoma koo.

Ndipo tulipoanza. Nilimwomba Yeyo mafuta ya kondoo mmoja, tukayeyusha yote pamoja, tukayagawa kwenye makopo mawili. Kopo moja lilichemshwa na gome la olkiloriti, kama Yeyo afanyavyo kwa mafuta yake ya kibuyuni, likachujwa. La pili likachemshwa bila kitu. Nikayaweka yote mawili kwenye dirisha la darasa, wazi, yamefunikwa kitambaa tu, jua la mchana likiyapiga. Mwalimu Tluway hakupenda. Alisema mkaguzi akija atauliza kama hii ni shule au bucha. Lakini kila siku alipita pale akainamia makopo akidhani simwoni. Wiki zikapita. Siku ilipofika niliwaita wanafunzi mmoja mmoja waje wanuse wakiwa wamefumba macho. Lile lililochemshwa bila kitu lilikuwa limegeuka njano na linanuka kiasi kwamba wengine walirudi nyuma. Lile la gome lilinukia kama kondoo na moshi kidogo, basi, kama siku ya kwanza. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Mwalimu Tluway alinusa mara ya pili, akavua miwani, akasema inaweza kuwa bahati, rudia.

Tukarudia, na safari hii Yeyo alikuja mwenyewe. Hakuwa amewahi kuingia darasani. Alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yamempanda mpaka kifuani, akatazama ubao, ramani, misumari yangu yenye kutu. Nilimweleza kwamba tunataka kujaribu magome mbalimbali, kila moja na kopo lake. Alilipenda wazo hilo kuliko mtu yeyote. Alileta osokonoi, alileta oloirien, na alileta gome jingine ambalo yeye aliliheshimu kuliko yote, lililokuwa likitumiwa bomani kwao tangu kwa bibi yake, akasema hili litayashinda mengine. Halikuyashinda. Makopo yalipofunuliwa, kopo la gome hilo lilikuwa limechacha karibu sawa na lile lisilo na kitu. Nilimtazama nikiogopa kwamba atakasirika au atasema tumekosea. Alinusa. Akanusa tena. Akaomba maji akanawa pua, akanusa mara ya tatu, kisha akauacha mkono juu ya kopo. Halafu akamwambia Nashipai aniambie kwamba gome hili lina kazi nyingine, kazi yake yeye haijui sasa, ila atafikiri. Na akauliza makopo mengine yako wapi. Kuanzia siku ile mpaka shule ilipofungwa, Yeyo na mimi tulikuwa na dirisha letu. Aliacha kuniletea maziwa na kuondoka. Alileta maziwa, akaenda dirishani, akafunua kitambaa, akanusa, akanieleza kwa Kiswahili kilichokuwa kinakua kila siku: "Hii bado. Hii leo kidogo imekufa."

Siku hizi vijana wa maduka ya dawa hapa mjini wananiambia kwamba vitu vile vilivyomo kwenye magome vimechunguzwa na wataalamu. Wanaviita viondoasumu. Jina hilo silipendi, kwa sababu hakuna sumu iliyokuwa inaondolewa kwenye makopo yangu. Kilichokuwa kinafanyika ni hewa kuzuiwa isiyale mafuta. Wanasema huenda kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya mwili, kwenye mishipa na kwenye ile kinga inayotulinda na magonjwa, na kwamba huenda ndiyo sababu watu waliokula mafuta mengi vile walitembea wima mpaka uzeeni. Wanasema huenda, na mimi nawapenda kwa kusema huenda. Siwapendi wale wanaopanga vichupa vya unga wa magome mnadani na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba vinaponya kila kitu. Yeyo hakuwahi kusema gome linaponya kila kitu. Alikuwa na gome la kifua, gome la tumbo, gome la mzazi, na yale aliyokuwa bado anayafikiria. Wala hakuwahi kunikataza sindano. Mimi nilichokiona mwaka ule ni makopo dirishani na mwili wangu mwenyewe, basi. Lakini kila ninapoukumbuka ule uwanda wa Kakesio, miti yake michache ya miiba ambayo nilipofika niliiona kama kitu kilichokosa kazi, huwa naiona upya. Ndani ya gome lile kavu, lililopasukapasuka, linalotafunwa na mbuzi, kulikuwa na kitu kinachojua namna ya kuzuia uharibifu, na kilikuwa kimekaa pale kikifanya kazi yake kabla hakujazaliwa mtu wa kukinusa.

Mwezi wa kumi na moja Sista Emiliana alituma ujumbe kwamba anataka kumwona Lemayian na kunipima damu. Yeyo alisema anakwenda nami, mtoto hawezi kusafiri na Mmbulu peke yake. Tuliondoka na gari la hospitali lililokuwa limeleta chanjo, tukakaa nyuma pamoja na mbuzi wa mtu. Hospitali Endulen ilikuwa imezungukwa na wagonjwa waliokaa kwenye nyasi, shuka nyekundu kila mahali, na ndani palinukia dawa ya kuoshea sakafu. Lemayian alipimwa, akalia kwa sauti ya ng'ombe, Sista akaridhika. Kisha akanitoboa kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, tukangoja likauke. Chumba cha maabara kilikuwa kidogo, meza moja, kiti kimoja, na kwenye meza palikuwa na hadubini. Alitazama yeye kwanza, kwa muda mrefu, akatabasamu. Akaniambia nitazame. Nilikuwa nimechora chembe za damu ubaoni mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kuziona, na hizi zilikuwa zangu, zimejaa kioo kizima, za mviringo, zimekaa kwa utulivu kama mifugo imelala. Nikamwachia Yeyo kiti.

Ilimchukua muda kujua namna ya kutazama. Kope zilimsumbua, hereni ziligonga chuma, mpaka akazikusanya kwa mkono mmoja akazishika kisogoni. Kisha akatulia. Niliona mgongo wake ukiacha kutikisika. Sista alimweleza kwa Kimaasai, na mimi kufikia wakati huo niliweza kufuata: hizi nyekundu zote ni damu ya Mwalimu, hizi ndizo zilizokuwa zimekwisha. Na ile moja kubwa yenye rangi ya zambarau ni askari, kazi yake ni kupigana na ugonjwa unapoingia mwilini. Yeyo, jicho likiwa palepale kwenye hadubini, akauliza kama askari maana yake ni ilmurran, morani. Sista akafikiri kidogo akasema ndiyo, unaweza kusema hivyo. Yeyo akauliza wanakula nini. Sista akamjibu kwamba hawana chakula chao, wanakula kile anachokula mwenye mwili.

Yeyo aliinua kichwa. Sijawahi kuona uso kama ule kabla wala baada. Alinitazama mimi, mkono wangu, kidole changu kilichokuwa bado na pamba, akasema kwa Kiswahili, ili mimi nisikie moja kwa moja, "Basi hawa ndio nilikuwa nawalisha."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia na mtu alikuwa anamwimbia. Yeyo akarudi kutazama, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto kwa Sista, kidole kimoja kimesimama mbele ya vingine, na hakuhitaji kusema anataka nini. Sista alimtoboa, akapaka, akatia rangi, tukangoja tena. Kioo kilipowekwa, Yeyo alitazama cha kwake. Akaomba cha kwangu kirudishwe. Akatazama. Akaomba cha kwake tena. Sista, ambaye alikuwa na wagonjwa wengi na hakuwa mtu wa subira, alibadilisha vile vioo kila alipoombwa.

Mwishowe Yeyo akasema taratibu, kwa Kimaasai, kama mtu anayemweleza mtu mwingine ambaye hayupo chumbani. Nilidhani baadaye kwamba alikuwa anamwambia mumewe, na kweli tulipofika Kakesio alimweleza mbele ya wazee, na Mzee Lembris alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Ni zilezile. Za Mmbulu na zangu. Nimetafuta tofauti, hakuna."

Akainama tena juu ya hadubini, hereni amezishika kisogoni, na hapo alibaki, akitazama, mpaka Sista Emiliana alipomgusa bega kumwambia kwamba kuna watu nje wanasubiri.